Faili la Mzee Asegelile Lilivyotumwa Vipande Vipande

Wiki niliyostaafu, kijana wa utawala alikuja nyumbani kwangu na ombi kwamba niandike kurasa chache kwa ajili ya wenzangu wanaobaki masjala. "Mama Tupo," alisema, "weka mambo matamu, ya kuwatia moyo." Nilimjibu kwamba mambo matamu tuliyamaliza siku ya sherehe, yalikuwa na krimu juu. Haya ninayoandika ni yaliyotokea. Mkiona nimekasirika, mmeona sawasawa.

Nimetunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya hapa Rungwe tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka magoti yaliponigomea kwenye ngazi. Jina la hospitali silitaji. Mnaofanya kazi pale mnaijua, na wengine haiwahusu. Vyeo vyangu navyo sivitaji, havikuwa vya kutajwa, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio huohuo mnaopokea na kuununia.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Ambakisye, mkuu wa masjala, mtu mfupi mwenye koti zito alilolivaa mwaka mzima, kwa sababu mvua ya Tukuyu haina adabu, inakuja hata siku ambayo si zamu yake. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa, bati juu, sakafu ya saruji, na harufu ya karatasi zenye unyevu ambayo mpaka leo naisikia kwenye nguo zangu. "Ugonile?" alinisalimu. Kabla sijamaliza kuitika alinipa faili. "Soma. Kisha uniambie huyu mama alikufa kwa nini."

Nilisoma asubuhi yote. Kulikuwa na homa, kulikuwa na damu aliyoongezewa, mara amepata nafuu, mara amelazwa upya, mara yuko kliniki na mimba changa, mara mtoto ameshazaliwa. Mchana nilimwambia sijui. Alilichukua faili, akazipanga karatasi kwa tarehe mbele ya macho yangu, akanirudishia. Safari hii sikuhitaji hata kukaa. Yule mama alianza kupungukiwa damu tangu kliniki ya kwanza. Kila aliyemwona aliandika hivyo, na kila aliyefuata hakugeuza ukurasa wa nyuma.

"Nilizichanganya jana makusudi," alisema Mzee Ambakisye. "Karatasi ni zilezile. Lakini zikichanganyika, daktari hamsomi mgonjwa tena. Anasoma takataka."

Nilidhani ni mtu mkali tu. Baadaye nilimjua vizuri, na kweli alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na anwani. Alimkalia kooni daktari aliyeandika bila tarehe. Aliwahi kumfuata muuguzi mpaka wodini na karatasi mkononi, amwonyeshe doa la chai juu ya jina la dawa. Sisi alitufundisha kutoboa karatasi kwa panchi bila kula maandishi, kufunga uzi wa tagi usiokaza wala kulegea, na kuandika namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya kila karatasi. Miezi ya mvua tuliweka jiko la mkaa katikati ya chumba na kutandaza mafaili kulizunguka. Mkaguzi mmoja alituuliza kama tunapika au tunatunza nyaraka. "Tunazibanika," alijibu Mzee Ambakisye, "karibu zinaiva."

Alipostaafu alirudi kwao Ikuti kwenye shamba lake la chai, na huko alifariki. Nikabaki na chumba, jiko, na ile kalamu nyekundu.

Kompyuta zilikuja baadaye, za msaada, zimeshatumiwa na watu wengine huko zilikotoka. Mwanzoni zilikuwa na Windows ya kughushi ambayo kila flashi iliyotoka kwenye steshenari za mjini iliiongezea ugonjwa mpya. Unafungua faili la mgonjwa, unakuta vijia vya mkato tupu visivyokwenda popote. Ndipo tukaletewa Neema, mtaalamu wa TEHAMA, mzaliwa wa Singida, mwanamke aliyetetemeka ndani ya masweta mawili na kutulaumu kana kwamba baridi tuliileta sisi.

"Virusi vimekula kila kitu," alisema siku aliyozifungua. "Nafuta zote, naweka Linux."

"Ndiyo nini?"

"Mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ni wa bure, unaenda hata kwenye mashine kongwe kama hizi, na hivi virusi vya flashi zenu hauna habari navyo."

Nilinuna, maana nilikuwa nimeshazoea mahali pa vitufe vyangu. Neema hakujali nilivyonuna. Alivuta kiti, akaunganisha skana, akanifundisha. Niwaeleze na ninyi, kwa sababu mpaka siku naondoka nilikuwa nawaona baadhi yenu mnahangaika.

Ndani ya Linux ile kuna programu ndogo ya kuskani nyaraka. Pembeni ya kitufe cha kuskani kuna kishale, na watu wengi hawakigusi. Wanaskani ukurasa mmoja, wanahifadhi, wanaanza upya, wanaskani mwingine, na mwishoni wana vipande vimetapakaa kwenye kompyuta kama maganda ya ndizi baada ya harusi. Gusa kile kishale. Kama karatasi ni kavu na hazijakunjika, chagua ziingie zote kupitia trei ya juu. Kama ni hizi za kwetu, zilizonyonya ukungu mpaka zikavimba, trei itazimeza mbilimbili. Basi chagua kurasa nyingi kutoka kwenye kioo, na uiambie mashine isubiri kidogo kati ya ukurasa na ukurasa, mkono wako upate nafasi ya kubadilisha. Toa pini zote kwanza. Pini moja ya stepla ilitukwaruzia kioo, na ule mkwaruzo ulipita juu ya kila mgonjwa hadi tulipopata skana nyingine.

Usihifadhi kabla hujamaliza. Kurasa zitajipanga mbele yako upande kwa upande, zipitie, iliyolala uisimamishe, iliyoruka zamu uirudishe mahali pake. Zilizoandikwa pande mbili, skani nyuso zote za mbele, pindua rundo, skani za nyuma, kisha tumia amri ya kupanga upya. Inazichanganya mbele na nyuma kwa zamu, hata kama za nyuma zimeingia kinyumenyume. Halafu ndipo uhifadhi, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Kuna sehemu ya kuchagua aina ya faili. Ukichagua picha, kurasa zako zinatawanyika tena, kila moja na faili lake. Chagua PDF. Mgonjwa anakuwa na faili moja, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Neema alinifundisha pia kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi, kwa siku ambazo programu imegoma. Huko niligombana na namba. Nilizipa kurasa majina ya moja, mbili, tatu, kuendelea, nikaiamuru mashine iziunganishe, nayo ikaweka ukurasa wa kumi mara tu baada ya wa kwanza, na ukurasa wa pili ukaja huko mbali. Nilimwita Neema kwa kelele.

"Mashine gani hii haijui kuhesabu?"

"Inapanga majina kama kamusi, mama. Kumi inaanza na moja, kwa hiyo inaitangulia mbili. Anza na sifuri. Sifuri sifuri moja, sifuri sifuri mbili."

Tangu siku hiyo kurasa zangu zote zimetanguliwa na sifuri. Tukatuma mafaili ya wagonjwa wa rufaa kwa mtindo huo, moja kwa kila mgonjwa, na hakuna aliyetushukuru, jambo ambalo katika masjala ndilo dalili kwamba kazi inakwenda.

Kisha akaja Katibu.

Namwita Katibu kwa sababu ndicho kilikuwa cheo chake, katibu wa hospitali, msimamizi wetu sote tusioshika sindano. Alikuwa mtu wa suti na simu kubwa, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "kidijitali". Alipoingia masjala mara ya kwanza aliuliza kwa nini kompyuta yetu haifanani na yake. Neema alimweleza.

"Ya bure?" alisema Katibu, akacheka. "Hospitali yangu haiwezi kuendeshwa na vitu vya bure. Kuna mfumo mpya unakuja. Hii na skana yake zipelekwe stoo."

Neema alimwambia tuvitumie hadi mfumo ufike. Kesho yake alipangiwa kazi ya kurekebisha vipaza sauti vya ukumbi wa mikutano. Mfumo mpya wenyewe ulikuwa unakuja hadi nikaota mvi nyingine, na nadhani bado uko njiani.

Wakati huohuo kulikuwa na mgonjwa wetu aitwaye Mzee Asegelile, mkulima wa ndizi na mahindi kutoka Nkunga. Aliteleza kwenye matope akiwa na mkungu begani, akavunjika mguu chini ya goti. Alipasuliwa kwetu, akawekewa chuma, na kidonda kikakataa kufunga. Kila wiki alikuja kliniki na faili lake likanenepa. Kabla ya kuingia kwa daktari alipita kwanza dirishani kwangu. "Ugonile, juba," aliniambia, na mimi nikamwita tata. Kwa Kinyakyusa ni mama na baba, ndivyo tunavyoitana hata kama hatuna undugu. Alikuwa mtu wa maneno machache na maswali mengi. Alitaka kujua daktari ameandika nini, kwa nini dawa imebadilishwa, kwa nini ya jana ni nyeupe na ya leo ya njano. Madaktari wengine walimwona msumbufu. Mimi nilimwona mgonjwa pekee aliyefuatilia ugonjwa wake.

Siku daktari wetu alipoona usaha umerudi tena, aliamua mzee apelekwe hospitali ya rufaa. Aliandika wazi kwamba dawa ya kwanza imeshindwa, ya pili imeshindwa, mfupa umeanza kuoza, asafishwe haraka na aanzishiwe dawa nyingine. Gari likawashwa. Faili halisi haliruhusiwi kutoka hospitalini, inatangulia nakala. Mashine ya kopi ilikuwa mbovu. Skana yetu ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Katibu.

Nilimfuata ofisini. "Naomba ufunguo. Muda ambao mzee anapandishwa kwenye gari, mimi nitakuwa nimeskani faili zima limekuwa moja."

"Mama Tupo, bado uko huko kwenye kuskani? Lete hilo faili hapa."

Nililileta. Alikata tagi kwa mkasi. Sikuamini macho yangu, alikata, hata hakuifungua. Akatandaza karatasi mezani, nyingine kwenye kochi la wageni, akaanza kuzipiga picha kwa simu yake. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo wa mvua uliingia ukazipeperusha chini, akaziokota na kuendelea na yoyote iliyokuja mkononi. Kwenye picha nyingi kidole gumba chake kilikuwemo, kimekaa juu ya tarehe.

"Zina mpangilio wake," nilimwambia. "Anza na ya mwisho, yenye maelezo ya leo. Na hiyo umeipiga tarehe haionekani."

"Daktari wa kule atazipanga. Si amesoma?"

"Atazipangaje bila tarehe?"

"Mama Tupo, mgonjwa yuko kwenye gari na wewe unaniletea mambo ya masjala."

Alizituma kwa WhatsApp, picha baada ya picha. Mvua ilipokolea mtandao ukasuasua. Nyingine zilikwenda, nyingine zikawa zinazunguka tu, akaziacha zinazunguka na kuweka simu mfukoni. "Zimeenda," alisema. Niliokota karatasi za Mzee Asegelile sakafuni kwa magoti yangu haya. Nilipotoka gari lilikuwa limeshapita geti.

Yaliyotokea kule niliambiwa na muuguzi aliyemsindikiza, na ya baada yake na daktari wetu na mzee mwenyewe. Daktari aliyempokea alisimama na simu, akizipandisha na kuzishusha zile picha, uso umekunjamana. Karatasi ya maelezo ya siku ile haikuwemo, ilikuwa moja ya zile zilizobaki zinazunguka. Picha ya mwisho kufika ilikuwa karatasi ya wiki za mwanzoni kabisa, ile iliyosema kidonda kinaendelea vizuri na dawa ya kwanza. Akaamini ndiyo ya karibuni. Wakamlaza, wakamwanzishia dawa ileile ya kwanza, wakasubiri imsaidie kama karatasi ilivyosema.

"Hii nilishakunywa," Mzee Asegelile aliwaambia. "Haikunisaidia." Lakini jina la dawa hakulijua kulitamka, na muuguzi wetu alikuwa ameshageuza na gari. Wakamwambia atulie, baba, dawa zinafanana rangi.

Daktari wetu alipokuja kupigiwa simu na kuulizwa mbona mgonjwa anazidiwa, siku zilikuwa zimeshapita. Walimkata mguu juu ya goti.

Nitasema na hili, maana sitaki mtu aje aniambie nimetia chumvi. Nilimuuliza daktari wetu ana kwa ana kama mguu ungepona faili lingefika zima. Alisema hakuna anayeweza kuapa, mfupa ulikuwa umeshaharibika. "Ila zile siku tulikuwa nazo, dada Tupo," alisema, "na tumezitupa." Mimi nilihesabu hilo kuwa jibu.

Kwenye mkutano wa asubuhi Katibu alisimama kutoa taarifa. Alisema kumekuwa na changamoto ya mawasiliano iliyosababishwa na ubora hafifu wa nyaraka kutoka masjala. Masjala! Nilisimama bila kuruhusiwa.

"Nyaraka za masjala zilikuwa na tagi, na namba, na tarehe. Wewe ndiye uliyekata tagi kwa mkasi. Nilikuomba ufunguo wa stoo ukaninyima. Kwenye simu yako picha bado zipo, fungua waone kidole chako."

"Mama Tupo, kaa. Wewe ni karani."

"Ndiyo, ni karani. Ndiyo sababu nilijua."

Mganga mfawidhi, mkuu wetu sote pale, aliinua mkono. Alisema jambo limesikika, tusitafute mchawi, tusonge mbele. Wenzangu walitazama viatu vyao. Waliokuwemo mnajijua, na wengine wenu ndio mnaosoma haya sasa. Tusonge mbele! Watu wanaosema hivyo huwa wana miguu yote miwili.

Mzee Asegelile alirudi baada ya muda, kwa magongo, kakonda, na suruali imekunjwa kwa pini upande mmoja. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Juba," alisema, "kalatasi sangu silifika?"

Kulikuwa na jibu ambalo tulikuwa tumeelekezwa kumpa kila atakayeuliza, kwamba suala linashughulikiwa na ofisi husika. Sikumpa.

"Zilifika vipande vipande, tata, na nyingine hazikufika. Ya muhimu haikufika."

"Nani alisituma?"

"Katibu. Kwa simu yake."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Ndaga," alinishukuru, akaenda zake. Kwa kumwambia hivyo niliitwa ofisini na kuelezwa kuhusu siri za kazi. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikauliza kama ninaweza kwenda, nina kazi.

Baadaye ilipatikana nafasi kwenye kliniki ya miguu ya bandia. Wao kule walitaka historia yote ya mgonjwa, kwenye waraka mmoja, kabla ya kumpangia siku. Nilimwita mzee nimweleze kwamba nitaiandaa. Akakataa.

"Wewe hapana, juba. Nataka atume yuleyule."

"Hajui, tata."

"Atajua. Nitamsubili."

Akaenda akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa Katibu. Alikaa mchana kutwa. Kila aliyepita alimsalimu, kwa kuwa ndiyo desturi yetu, na kila aliyemuuliza anasubiri nini alijibiwa kwa utulivu na kwa urefu: mguu, gari, simu, picha, kidole. Aliwaeleza akina mama waliobeba watoto, na wafagiaji, na mchungaji aliyekuja kuombea wagonjwa. Jioni alirudi Nkunga kwa bodaboda, asubuhi akarudi tena, safari hii na mkewe na kapu la ndizi za kuchemsha. Katibu alianza kuingilia mlango wa nyuma. Mzee akahamisha magongo yake, mkewe akabaki mbele na yeye akakaa nyuma.

Kulikuwa na wageni wanakuja kutembelea hospitali wiki hiyo. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia mganga mfawidhi kusikia kuliko nilivyomsaidia mimi. Alimwita Katibu wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Haikupita muda Katibu aliingia masjala na uso wa mtu aliyemeza ndimu.

Neema alikuwa ameshaitoa kompyuta stoo. Ufunguo aliupataje sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Skana ilikuwa imefutwa vumbi, faili la Mzee Asegelile liko mezani na tagi mpya niliyoifunga mwenyewe. Mzee alikaa kwenye kiti changu. Katibu akakaa mbele ya mashine. Mimi nilisimama.

"Fungua tagi," nilimwambia. "Kwa vidole."

Akafungua.

"Toa pini. Panga kwa tarehe. Ya zamani kabisa ianze."

Ilibidi asome ili apange. Alisoma siku ya ajali, akasoma upasuaji, akasoma dawa ya kwanza. Alipofika kwenye ile karatasi ya siku ya gari, yenye dawa mbili zilizoshindwa na neno "haraka" limepigiwa mstari na daktari, mkono wake ulisimama. Niliona macho yake yanarudi juu na kuanza tena. Sikumsaidia kwa neno. Baadaye akaiweka chini ya rundo, mahali pake.

"Sasa uso chini kwenye kioo. Bonyeza kishale, siyo kitufe. Kurasa nyingi."

Taa ya skana ikawa inapita na kurudi. Karatasi zilikuwa na unyevu, zikawa zinamng'ang'ania vidole. Mzee Asegelile alikuwa ameegemea magongo, anatazama kioo cha kompyuta.

"Hiyo imelala," alisema.

"Inasomeka," alijibu Katibu.

"Imelala, mwanangu."

Katibu akairudia. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, akavua koti la suti. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Alipomaliza akataka kuhifadhi, na kipanya chake kikaelekea kwenye picha.

"Usithubutu," nilisema.

Akachagua PDF. Tukalifungua lile faili, tukapitia ukurasa kwa ukurasa, mzee akiuliza kila mmoja ni wa nini na Katibu akimjibu. Likatumwa. Kabla ya mchana kliniki ilijibu kwamba limefika, limesomeka lote, mgonjwa aje.

Mguu aliupata. Anautumia ndani ya buti la mvua na anasema kwenye mteremko unamchelewesha, lakini kwenye ndizi anafika. Katibu alihamishwa baadaye kwenda ofisi kubwa zaidi, na kwenye hafla ya kumuaga walimsifu kwa kuleta mapinduzi ya kidijitali katika masjala. Nilikuwepo. Nilikula sambusa yangu, sikupiga makofi. Kompyuta ya Linux haikurudi tena stoo, na siku yoyote mtakapoambiwa muirudishe, simameni na mkatae kwa sauti.

Nimalizie na siku ileile ya kuskani. Jibu la kliniki lilipoingia, Katibu alivaa koti lake, akalifunga vifungo vyote, akasema, "Haya, kazi imekwisha," akatoka. Nilimsindikiza Mzee Asegelile mpaka getini, yeye na magongo yake, mimi na kapu la mkewe. Alisimama kupumzika pale bodaboda wanapoegesha.

"Juba, mimi masikio yangu yameseeka," alisema. "Wewe ulimsikia anasema pole?"

"Hapana, tata."

"Basi si masikio," alisema, akainua gongo kuita pikipiki.